Kwa mnaoanza kazi kwenye gazeti la Kiislamu: nia njema haithibitishi habari

Assalaam alaykum wadogo zangu. Kila nikipokea mwandishi mpya kuna jambo namwambia kabla hata hajaonyeshwa kiti chake. Msomaji wa gazeti la Kiislamu anakuamini sana, akishaona Bismillahi juu na jina la shekhe chini moyo wake unatulia, hachunguzi tena, anabeba maneno kama yalivyo anakwenda kuyasema msikitini na kuwafundisha watoto wake nyumbani. Kwa hiyo ukikosea wewe, lile kosa linageuka kuwa dini ya mtu. Hilo ndo linalonifanya niandike haya, maana wengi mnakuja na nia safi kabisa ya kuitumikia dini na mnadhani nia inatosha.

Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Nilikuwa sina hata mwaka kazini, usiku gazeti linakaribia kwenda mtamboni, ikaja meseji ya kifo cha shekhe mmoja anayeheshimika sana, imefowadiwa na watu watatu tofauti na wote ni watu wa dini, wanaswali, wananijua. Nikaona watatu hawa wanatosha. Nikaandika kwa machozi kabisa, nikaweka Inna lillahi, nikaweka na saa ya mazishi. Asubuhi akapiga simu binti yake, hakugomba, alisema tu taratibu: "Kaka yangu, baba amekaa hapa mbele yangu anavuta tasbihi, nimwambie nini?" Nikakosa la kusema. Na baadaye nilipofuatilia nikakuta wale watatu wote walipata ile meseji kutoka grupu moja, yaani sikuwa na mashahidi watatu, nilikuwa na mmoja tu na huyo mmoja simjui.

Aya mnaijua, Suratul Hujurat aya ya 6, kwamba akitujia fasiki, yaani mtu muovu, na habari tuichunguze tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Neno lililotumika ni fatabayyanu, na kwenye kisomo cha Hamza na al-Kisai, maimamu wawili wa visomo vya Qur'ani, linasomwa fatathabbatu. Sasa tazameni Kiswahili chetu kimeyabeba yote mawili, bainisha na thibitisha, hiyo ndo kazi yenu yote mtakayofanya hapa. Wafasiri wengi wanasimulia kwamba sababu ya kushuka aya hii ni Walid bin Uqba, alitumwa na Mtume (S.A.W) kukusanya zaka kwa kabila la Banu Mustaliq, akaogopa, akarudi njiani akasema wamekataa kutoa na walitaka kumuua, nusura watu wapigwe vita kwa habari ya mtu mmoja mwenye hofu. Na hakutoka mbali huyo, alikuwa mjumbe kutoka ndani kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia "huyu ni ndugu yetu wa dini, hawezi kusema uongo", mwambie sijasema ni muongo, nataka tu kujua yeye aliona au aliambiwa.

Tukija kwenye hadithi hapo ndo sina msalia mtume na mtu yeyote. Usiandike "Mtume (S.A.W) amesema" mpaka ujue imo kitabu gani na wanazuoni wameipa daraja gani, sahihi, hasan (nzuri, chini kidogo ya sahihi), dhaifu au ni ya kutungwa. Zipo zinazopendwa sana na hazina miguu. "Tafuteni elimu hata China" watu wanaiweka mpaka kwenye kalenda, lakini mwanachuoni Ibn al-Jawzi ameiweka kwenye kundi la hadithi za kutungwa. "Kuipenda nchi ni katika imani" nayo hivyo hivyo, mwanachuoni as-Saghani ameihesabu ni ya kutungwa. Maana inaweza kuwa nzuri, ila maneno mazuri siyo lazima yawe ya Mtume, na aliyemzulia kwa makusudi ameambiwa ajiandalie makazi yake motoni, hiyo imo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Namba pekee nayo haitoshi, chapa zinatofautiana namba, andika kitabu na mlango. Na siku hizi kuna hizi programu za AI, unaiuliza inakupa hadithi na namba yake na msimulizi wake, imepangika vizuri mno, ukifungua kitabu hakuna kitu. Fungua kitabu. Sijali dedilaini imefika wapi.

Qur'ani vilevile, tarjuma siyo Qur'ani, ni uelewa wa mtarjumu, kwa hiyo mtaje. Ya Shekhe Abdullah Saleh Farsy ya 1969 na ya Ali Muhsin Barwani ya 1995 zinatofautiana maneno sehemu nyingi, ukichanganya nusu ya huyu na nusu ya yule bila kusema umetengeneza tarjuma ya tatu ambayo haina mwenyewe. Kuhusu maandishi ya Kiarabu, nimewahi kuletewa ukurasa wa kukagua, aya imebandikwa kwenye programu isiyojua kuandika kulia kwenda kushoto, herufi zimeachana moja moja kama shanga zilizokatika uzi na mstari umeanzia kushoto, halafu aliyeleta anasema "mbona kwenye simu ilikuwa sawa". Ukurasa wenye aya lazima usomwe na mtu anayejua kusoma msahafu, akiwa na msahafu mkononi, baada ya kupangwa na siyo kabla. Kama mtu huyo hayupo weka maana tu na namba ya aya, hakuna atakayekulaumu.

Kuna sentensi moja nikiiona naikata hapohapo: "Uislamu unasema". Nani amesema? Juzi kijana ameniandikia "wanazuoni wote wamekubaliana" kwenye suala ambalo madhehebu ya Mashafii wana lao na ya Mahanafi wana lao, kumbe yeye alisikiliza klipu ya shekhe mmoja ya dakika nne. Nikamrudishia nimezungushia neno "wote" kwa wino, nikamwambia niletee hao wote. Ilipotoka ilisomeka "Shekhe fulani, akifuata rai ya Mashafii, anasema", na chini tukataja rai nyingine. Haikupungua kitu, msomaji alijua tu amesikia kauli ya nani. Kuna wasomaji wetu Mashia, kuna Maibadhi, ukiandika kama vile hawapo au ukaandika habari zao bila kuwauliza wenyewe umedhulumu. Mwezi nao ni hivyo hivyo kila mwaka, usiandike "kesho ni Idi" ukanyamaza, andika nani ametangaza na ametangaza kwa muandamo wa wapi.

Sasa niseme lile gumu, maana hapa ndo vijana wengi mnakwama. Unapata habari kwamba kiongozi wa taasisi ya dini amekula fedha za zaka, au wakala amechukua pesa za mahujaji na safari haipo. Watakuja wazee watakwambia kwa upole msitiri mwenzako, usiuaibishe Uislamu, hiyo ni ghiba, yaani kusengenya. Wazee hawa hawasemi bure, sitara ni jambo kubwa na Hujurat aya ya 12 imemfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Lakini Imamu an-Nawawi kwenye kitabu chake cha hadithi Riyadhus Swalihin ametaja sababu 6 zinazoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya, ikiwemo aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko yake, kutafuta msaada wa kuondoa uovu na kuwatahadharisha Waislamu na madhara. Mimi nimejiwekea hivi: dhambi ya mtu inayomhusu yeye na Mola wake siyo habari yangu hata kama ni maarufu, ndoa yake, talaka yake, alivyoteleza ujanani, sigusi. Ila akishika mali ya watu au watoto wa watu, pale nauliza, naandika, na yeye nampa nafasi ya kujibu kabla haijatoka, siyo baada. Ile simu ya kumuuliza upande wake inatisha kuipiga najua, piga tu. Mjane aliyetoa akiba yake ya miaka kwenda Hija naye ni Muislamu, mbona yeye hatumsitiri? Na aya ya 135 ya Suratun Nisaa imetuamrisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

Na uadilifu huo uende kwa wasiokuwa Waislamu pia, al-Maida aya ya 8 iko wazi kwamba chuki juu ya watu isitufanye tuache kuwa waadilifu. Wakristo waite Wakristo, Wahindu waite Wahindu, na ukinukuu kauli ya mpinzani inukuu nzima kama ungetaka yako inukuliwe.

Pesa. Ukienda kwenye shughuli ukapewa bahasha irudishe, usiseme ni hadiya. Alikuwepo mkusanyaji zaka, Ibn al-Lutbiyya, alirudi akasema hii ni yenu na hii mimi nimepewa zawadi, Mtume (S.A.W) akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama atapewa. Jiulize na wewe swali hilo hilo, bila kalamu ya gazeti ungepewa? Matangazo ya riba, kamari na pombe yanajulikana, yanayonisumbua mimi ni ya dawa zinazoitwa za kisunna zinazodai kuponya kisukari moja kwa moja, hayo nayakataa hata yakilipa vizuri maana kuna mgonjwa ataacha dawa zake kwa sababu yetu. Na makala iliyolipiwa iandikwe imelipiwa, juu, kwa herufi zinazosomeka.

Madogo madogo: Bi Aisha ni radhiya Llahu anha siyo anhu, hiyo ya pili ni ya mwanamume, siyo kila mwenye kanzu ni shekhe, hotuba ya mtu usiiweke kwa jina lako, picha ya maiti au ya mtoto aliyedhalilika usiitoe hata kama inaliza watu.

Mtakosea, lazima. Suratul Baqara aya ya 160, kwa waliokuwa wakificha yaliyoteremshwa, imewatoa kwenye laana waliotubu, wakatengeneza, na wakabainisha, wa bayyanu, mnaliona neno letu limerudi? Kutubia chumbani peke yako hakutoshi kama kosa ulilifanya mbele za watu. Ile taazia yangu ilitoka ukurasa wa kwanza, mhariri wangu wa wakati ule akaamua sahihisho nalo litoke ukurasa wa kwanza, kwa herufi zilezile, na kabla halijatoka akanipeleka mwenyewe kwa yule shekhe nikamuombe radhi ana kwa ana. Mtandaoni msifute kimyakimya, watu washapiga skrinishoti tayari. Andika juu kabisa: habari hii imesahihishwa tarehe fulani, tuliandika hivi, ukweli ni huu, halafu mpigie uliyemuumiza kabla hajakupigia yeye.