Kula Ukiwa Njiani, Punguza Ukiwa Umekaa

Nilipoanza kujiandaa kwa safari ya kilomita 200 nilikuwa na kilo 91 na hesabu moja kichwani: ninyonge baiskeli sana, nile kidogo, mwili utapungua wenyewe. Jumamosi moja nikatoka alfajiri na maji tu tumboni. Nilipokaribia kilomita ya 80, miguu ikakata. Haukuwa uchovu niliouzoea. Jasho la baridi lilinitoka, mikono ikatetemeka, na ndizi moja niliyokuwa nayo mfukoni vidole vikashindwa kuimenya, nikaifungua kwa meno. Kilima kilichofuata nilikipanda nikikokota baiskeli. Usiku nikala kila kilichokuwa jikoni, na wiki ilipoisha mizani ikaonyesha kilo zilezile 91.

Wanga tunaoula huhifadhiwa kwenye misuli na ini kama glaikojeni, gramu 400 hadi 500 hivi kwa mtu mzima. Ukinyonga kwa nguvu, akiba hiyo huisha ndani ya saa mbili tatu. Mafuta ya mwilini yapo tele, ila hutoa nguvu taratibu mno, hayatoshi kukupandisha mlima kwa kasi. Kwa hiyo anayefunga barabarani hupunguza mwendo, hukatisha zoezi, kisha hulipa deni lote usiku mbele ya sahani.

Nikageuza utaratibu. Safari ikizidi dakika 90, nakula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na naanza mapema kabla njaa haijabisha hodi. Ndizi moja ya wastani ina gramu 25 hivi. Kupunguza nimekuhamishia jioni na siku za mapumziko: soda nimeacha, sahani ya pili nimeacha, na kutafunatafuna usiku ndiko kulikonisumbua kuliko vyote. Kilo moja ya mafuta ni takriban kalori 7,700, hivyo ukipunguza kalori 500 kwa siku utapoteza kama nusu kilo kwa wiki. Inatosha. Ukilazimisha zaidi huku unaongeza kilomita, utapoteza na misuli unayoihitaji. Protini nayo usiipunguze. Mimi nalenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wangu kwa siku, nikiigawa katika milo yote.

Mizani isikudanganye. Baada ya safari ndefu inaweza kushuka kilo mbili, na karibu zote ni maji, kwa sababu kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Jipime asubuhi, kabla ya kula, kisha linganisha wastani wa wiki na wiki.

Tafadhali usipuuze usingizi ukivurugika, mafua yasiyokoma, au hedhi ikikatika kwa wanawake. Hizo ni dalili kwamba mwili unapewa nishati pungufu kuliko unayotumia, na hapo ongeza chakula na umwone daktari. Mwenye kisukari amwone kabla hata ya kuanza.

Mimi ilinichukua miezi mitano kufika kilo 82. Wiki mbili za mwisho kabla ya safari yenyewe sikupunguza chochote. Nilikula nikashiba, nikalala mapema, na asubuhi ya kuondoka mifuko ya mgongoni ilikuwa imejaa ndizi.