Pistoni tatu na hospawa 304, mbona kwenye kona inagoma?

Swali: Shkamoo fundi. Shemeji yangu ana Toyota GR Yaris ya 2024, ya manyuo. Pistoni tatu, cc 1618, alafu wanasema hospawa 304, mi hapo sielewi. Juzi tunatoka Segera mvua inapiga, kwenye kona kabla ya Muheza gari ikawa haitaki kukata, inanyoosha tu, akikanyaga mafuta ndo inazidi. Taa ya foo wili ikawaka. Ni injini ndogo imezidiwa? Tairi za mbele kabadilisha mwezi uliopita kaweka 225/45 R18, za nyuma bado zilezile za kiwandani 225/40 R18.

Jibu: Marahaba mwanangu. Umeuliza injini lakini jibu umeliandika mwenyewe kwenye mstari wa mwisho 😂

Injini iacheni, hospawa ndo kipimo cha nguvu yake na 304 ni nyingi. Ni ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ikasukuma hewa zaidi kwenye injini, na pistoni tatu zina raha yake, kila moja inachoma baada ya nyuzi 240 za mzunguko wa injini, kwenye pistoni nne ni 180, kwa hiyo moshi wa huyu haugongani na wa mwenzake ukiwa njiani kwenda kwenye tabo. Muipe tu petroli ya daraja la juu na oili kwa wakati.

Sasa tairi. Gari hii kwenda nyuma nguvu inapita kwenye kapulingi yenye klachi ndani, kompyuta ndo inaibana na kuiachia. Ukiweka swichi kwenye Normal inagawa nguvu 60 mbele 40 nyuma, kwenye Gravel, ya njia ya changarawe, 53 kwa 47. Hesabu hiyo inataka tairi zote nne ziwe sawa. 225/40 ikizunguka mara moja inatembea kama mita 2, hiyo 45 aliyoweka shemeji ubavu wake ni mrefu zaidi, inazidi kama sentimita 7, we unaona kidogo sana eti, lakini kilometa moja tairi za nyuma zinazunguka mara 500 na za mbele 483 hivi. Kilometa 30 tu tofauti imepita mizunguko 500, na yote hiyo inamezwa na klachi kwa kuteleza, inachemka, kompyuta ikiona joto limezidi inaiachia isiungue na taa inawaka. Hapo mna gari ya kuvuta mbele tupu. Tairi za mbele zikate kona, zivute na hospawa zote zile, kwenye lami yenye maji, zitaweza wapi, lazima inyooshe. Siku ile mngekuta lori la machungwa linakuja tungekuwa tunaongea mengine.

Asiendelee kuitembeza hivyo. Anunue nne mpya saizi ya kiwandani, aina moja. Akisema hela hana basi atafute mbili za 40 zinazolingana na za nyuma, na asiamini maandishi peke yake, apige chaki tairi na chini, asukume gari mzunguko mmoja kamili, apime kwa futi kamba, mbele na nyuma zikipishana zaidi ya sentimita moja mimi ningezirudisha dukani. Upepo ajaze kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, sio wa kukisia kwa kupiga teke.

Taa ikigoma kuzima hata baada ya hapo, iletwe ipigwe mashine na oili ya difu ya nyuma ikaguliwe kama imeungua, na ije juu ya lori, msiinyanyue mbele mkaiburuza.