Rangi isiposhika kwenye seli changa: usikimbilie kuandika jibu

Ndugu yangu wa Arusha, umeeleza kwamba slaidi ya mgonjwa imejaa seli changa, lakini rangi ya mieloperoksidesi (kimeng'enya cha seli za damu za ukoo wa mieloidi, ukiwemo wa nyutrofili) haikushika, nawe unataka kuandika kuwa ni lukemia kali ya limfoidi, yaani saratani ya damu ya ukoo wa limfosaiti. Subiri kidogo. Kwanza zitazame nyutrofili zilizokomaa (seli nyeupe ambazo kwa kawaida huwa na kimeng'enya hicho) kwenye slaidi hiyohiyo: zikiwa nazo hazina chembechembe za rangi, basi huenda kasoro imo kwenye kitendanishi, au slaidi imekaa mno, kwa kuwa kimeng'enya hicho huharibika upesi. Hapo tumia Sudan Black B, ambayo hushika mafuta ya seli na huvumilia slaidi za zamani. Nyutrofili zikipokea rangi vizuri, hesabu seli changa. Zenye rangi zikifika asilimia 3, hiyo ni dalili ya ukoo wa mieloidi. Zisipofika, bado usihitimishe, maana lukemia za mieloidi za aina ya megakariosaiti (seli zinazotengeneza chembe sahani) hazipokei rangi hii. (PAS, rangi nyingine inayoshika sukari za seli na inayopendwa na wengi, mimi huiona msaada tu.) Andika ulichokiona, kisha mpigie daktari simu siku hiyohiyo, ili mgonjwa aonwe na bingwa wa magonjwa ya damu na sampuli ipimwe kwa flosaitometria (kipimo kinachotambua ukoo wa seli kwa alama zake) kabla ya kuanza dawa, hata steroidi.