Jibu: Kwa nini vikapu viwili vinashika orodha moja

Ndugu, umeuliza kwa nini, katika programu yako ya duka uliyoiandika kwa lugha ya Python, ukitia sukari kwenye kikapu cha kwanza inaonekana na kwenye cha pili, wakati umetengeneza vikapu viwili tofauti. Python haijakosea. Tazama ulipoandika bidhaa = []: iko moja kwa moja chini ya class Kikapu (klasi, yaani kiolezo cha kuundia vikapu), nje ya __init__, sehemu inayoendeshwa kila kikapu kipya kinapoundwa. Mstari huo unasomwa mara moja tu, klasi inapoundwa, kwa hiyo orodha ni moja na ni mali ya klasi. Vikapu vyote vinachota humo humo, kama wapangaji wanaotumia bomba moja la uani.

Ihamishe ndani ya __init__, uandike self.bidhaa = [] (self ni kikapu chenyewe kinachoundwa). Hapo kila objekti, yaani kila kikapu kinachoundwa kutokana na klasi, inapata orodha yake. Ukitaka kuhakikisha kwa macho yako, andika print(kwanza.bidhaa is pili.bidhaa), kwanza na pili yakiwa majina ya vikapu vyako; is inauliza kama hiyo ni orodha moja ile ile. Sasa hivi itakupa True, ukishahamisha, False.

Kuna mtego mwingine hapo hapo, nao ulinisumbua siku mbili nzima. Ukiwa na idadi = 0 kwenye klasi, kisha ukaandika self.idadi += 1 (ongeza moja), Python husoma sifuri ya klasi lakini ile moja huiweka kwenye objekti. Ya klasi inabaki sifuri. Kama unataka kuhesabu vikapu vyote, andika Kikapu.idadi += 1. Hesabu kama hiyo, au kiwango cha VAT, ndivyo vinavyostahili kukaa kwenye klasi; lugha ya Java huviwekea neno static. Vitu vya mteja mmoja visikae huko kamwe.