Mikwaruzo ya mizunguko kwenye rangi ya gari: anza na kitambaa, mashine baadaye

Kama gari lako ni jeusi au bluu iliyokolea, litoe juani uangalie boneti pale jua linapojiakisi. Utaona mistari myembamba imelizunguka jua kama utando wa buibui. Wengi husema kijana wa kuosha alifuta kwa kuzungusha mkono. Sivyo. Mistari ile imekwenda kila upande, ila jicho linaona tu iliyokaa mkao wa kurudisha mwanga. Sogeza kichwa, na duara linakufuata. Gari jeupe linayo hiyohiyo, linajua tu kuificha.

Gari langu naling'arisha mwenyewe hapa Dar, na majirani wakishaona, wikiendi yako imekwisha. Wakiniuliza wanunue mashine gani ya kung'arishia, nawajibu kwa swali: nani anafuta gari lako, na kwa kitambaa gani?

Maana karibu mikwaruzo yote inaanzia hapo. Mlinzi anaamka, anachukua kitambaa kikavu, anafuta vumbi la usiku kwa nia njema kabisa, huku akisubiri ya chai. Vumbi hilo lina chembe za mchanga, na kila anapopitisha mkono anazikokota juu ya rangi. Sehemu nyingi za kuoshea nako ni sponji moja na ndoo moja: imetoka kwenye rimu za mwenzako, inapanda kwenye boneti yako. Usipoziba tundu hilo, polishi ni kazi ya kurudia. Mwaga kwanza maji mengi kwa mpira, osha kuanzia paa ukishuka, tumia ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Matairi yawe na kitambaa chake. Sabuni ya unga ibaki kwenye nguo, inaondoa waksi yote.

Sasa kabla hujashika polishi, jua unagusa nini. Rangi ya kiwandani, pamoja na praima, lile tabaka la chini kabisa, mara nyingi ina unene wa mikroni 100 hadi 150 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Kliya, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ni kama 40 hadi 50 tu. Unywele mmoja ni takriban 70. Kung'arisha ni kuipunguza kliya mpaka ifikie usawa wa chini wa mkwaruzo, na kilichopungua hakirudi. Kliya ndiyo inayoikinga rangi na jua. Yale magari unayoyaona paa limebabuka mabaka meupe yamepoteza kliya, na hapo polishi haina msaada, ni kupuliza upya. Kwa hiyo pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukucha ukinasa, mkwaruzo umekwenda chini mno, jifunze kuishi nao.

Gari likishaoshwa, papasa boneti kwa kiganja. Ukihisi chengachenga, kuna mabaki ya lami, utomvu wa mwembe au chembe za chuma cha breki. Hizo hutolewa kwa klei, ule udongo laini unaoteleshwa kwa maji ya sabuni. Ukidondoka chini, tupa, usijidanganye kuusuuza.

Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa imepoa. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo na mikunjo, kwa kuwa huko kliya ni nyembamba, na kwenye plastiki nyeusi. Chagua eneo la majaribio, nusu mita kwa nusu mita, uifunge mashine pedi laini ya sponji, uanze na polishi nyepesi kuliko zote ulizonazo. Sambaza kwa spidi ya chini, panda hadi ya kati, sogea polepole, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Mipito minne hadi sita, kisha futa. Isipotosha, badilisha pedi kwanza. Kampaundi, ile polishi kali inayokata zaidi, iwe ya mwisho.

Mafundi rangi wengi wana mashine ya mzunguko mmoja. Inakata haraka, inapasha moto haraka, na mkono usiozoea huacha mawimbi yanayoonekana jua likiwaka. Anayejifunza achukue ile inayozunguka huku ikiyumba. Hata hiyo, kwenye bampa nenda taratibu, plastiki haisambazi joto kama bati.

Rangi nazo hazilingani. Toyota nyeusi yenye namba ya rangi 202 (isome kwenye kibati cha nguzo ya mlango au chini ya boneti) inajulikana kwa ulaini, hata taulo baya linaiandika. Magari ya Ujerumani kwa kawaida yana kliya ngumu zaidi. Na kama gari lilipulizwa gereji, zile namba za unene zisahau. Pedi ikianza kuchukua rangi ya gari, simama hapohapo: ama halikuwa na kliya, ama umeimaliza.

Hapa ndipo wengi wanapoliwa pesa. Unalipia polishi, gari linarudi linameremeta, ukiosha mara mbili tatu utando umerudi. Ulipakwa mafuta na silikoni, vikajaza mikwaruzo. Kabla ya kulipa, omba sehemu moja ifutwe kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, muiangalie pamoja juani. Fundi mkweli hatakasirika. Na zile tiba za nyumbani? Dawa ya meno ni msasa usiojulikana ukali wake, na mafuta ya taa yanatoa lami, mikwaruzo hayaigusi.

Ukimaliza, paka waksi au silanti (kinga ya kemikali inayofanya kazi ya waksi), tabaka jembamba, na urudie kila baada ya miezi michache, kwa jua letu hili. Ukiegesha chini ya miti, kinyesi cha ndege usikisugue wala usikiache kikaukie hapo. Kifunike kwa kitambaa kilicholowa, subiri kilainike, kisha kinyanyue.