Makatibu wapya wa chama cha mawakili, hesabuni siku kwanza

Kila kamati mpya ikiingia, miezi ya mwanzo huishia kwenye nembo, fulana na picha za makabidhiano. Mkutano mkuu unakumbukwa ukiwa umebaki mwezi mmoja, na hapo ndipo tunapoanza kuona makosa yaleyale ya mwaka juzi na ya mwaka ule mwingine. Tunawapenda, wadogo zetu, na kazi hii ya kujitolea tunaijua uzito wake. Ndiyo maana leo hatutawabembeleza.

1. Pangeni mwaka kwa kurudi nyuma.

Kalenda ya chama haiandikwi kuanzia Januari kwenda mbele. Wekeni tarehe ya mkutano mkuu, kisha rudini nyuma: siku ya kutuma taarifa, kabla yake siku ya mwisho ya kupokea hoja za wanachama na fomu za wagombea, kwa sababu vyote viwili vinaingia kwenye taarifa, kabla yake siku ambayo kamati inapitisha hesabu zilizokaguliwa, kabla yake siku ya kumkabidhi mkaguzi vitabu. Mkaguzi mpeni wiki sita. Atatumia mbili kukagua na nne kuwadai stakabadhi ambazo mweka hazina aliziacha kwenye gari.

2. Siku 21 kamili si wiki tatu za kwenye kalenda.

Hapa tukae kidogo. Kosa hili tumelifanya sisi tuliowatangulia, nanyi mnalirudia kana kwamba ni sehemu ya mila.

Tuseme kanuni zinataka taarifa ya siku 21 kamili na mkutano ni tarehe 28 Machi. Katibu anachukua 28, anatoa 7, anapata 21. Anatuma taarifa tarehe 7 jioni na kulala usingizi mtamu. Mkutano umekwisha kufa. Neno “kamili” lina maana kwamba siku ya kupokea taarifa haihesabiwi na siku ya mkutano haihesabiwi. Siku zote 21 zinakaa katikati yao. Hesabuni kwa vidole: tarehe 7 hadi tarehe 27 ndizo 21. Kwa hiyo taarifa inatakiwa iwe imemfikia mwanachama si zaidi ya tarehe 6. Na kama kanuni zinasema barua pepe itahesabiwa kuwa imepokelewa saa 48 baada ya kutumwa, siku ya mwisho ya kutuma ni tarehe 4. Mwenye busara anatuma tarehe 1.

Kinachouma ni kwamba kosa halionekani siku linapofanyika. Ukumbi unalipiwa, ripoti ya mwaka inachapwa, wagombea wanajinadi, wanachama wa mbali wanasafiri usiku kucha. Mwenyekiti anafungua kikao, kisha wakili mmoja wa safu ya nyuma anasimama na nakala ya kanuni mkononi: “Mheshimiwa Mwenyekiti, kuhusu utaratibu.” Kumbukeni mmeita mkutano wa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuhesabu muda na kutafuta kasoro kwenye nyaraka za wenzao. Ataiona. Kama si yeye, ni mgombea aliyeshindwa, wiki moja baada ya kura.

Kosa la pili hufuata katika kujiokoa, na hilo ndilo linaloua kabisa. Mtu anapendekeza waliopo wapige kura kusamehe upungufu wa siku. Waliopo hawana cha kusamehe. Taarifa inamlinda asiyekuwepo, yule aliyekuwa na kesi mji mwingine na ambaye angeomba tarehe nyingine kama angejua mapema. Haki yake haiachwi na mtu mwingine kwa kunyoosha mkono. Kanuni zikiwa na kifungu cha kufupisha muda kwa ridhaa, someni ni ridhaa ya nani. Mara nyingi ni ya wanachama wote wenye haki ya kupiga kura, au sehemu kubwa mno ya wote hao, wala si ya waliomo ukumbini. Mkilazimisha uchaguzi hapo, kamati inazaliwa na jeraha: pingamizi linafunguliwa, benki inasikia kuna mgogoro na kugoma kubadili watia saini, na mwaka mzima wa chama unaliwa na kesi ya chama.

Likishatokea, mwenyekiti aikubali hoja bila ubishi. Ripoti zisomwe kama maelezo tu, pasipo azimio lolote. Tarehe mpya itangazwe palepale, halafu taarifa mpya itumwe kwa wanachama wote, hata walioisikia kwa masikio yao. Kisha angalieni muda wa kamati inayoondoka. Ukiisha kabla ya tarehe mpya, tafuteni kifungu kinachoiruhusu kuendelea hadi warithi wake wapatikane. Kanuni zikikaa kimya, isisaini mkataba wowote mpya katika kipindi hicho.

Na hifadhini ushahidi: orodha ya waliotumiwa, saa ya kutuma, na barua pepe zilizorudi. Zilizorudi, wapigieni wenyewe simu siku hiyohiyo na kuandika jina la aliyepiga.

3. Akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa ili kikao kiwe halali, huhesabiwa wakati wa kura.

Saa nne asubuhi ukumbi umejaa. Saa tisa, baada ya chakula, nusu wameondoka na kamati inapitisha bajeti. Hesabuni vichwa kabla ya kila azimio, muhtasari uandike idadi na saa. Na someni kwanza kama asilimia ya akidi inatokana na wanachama wote au na waliolipa ada tu, maana tofauti yake ni kubwa.

4. Daftari la wanachama lifungwe kwa tarehe.

Ugomvi wa mlangoni kuhusu nani amelipa ada unatokana na uhamisho wa benki usio na jina. Mweka hazina alinganishe taarifa ya benki na daftari kila wiki katika miezi mitatu ya mwanzo, wala asingoje wiki ya uchaguzi.

5. Karatasi za kura lazima zijumlike.

Mmechapa 150, mmegawa 112, zimebaki 38. Kwenye sanduku zikikutwa 112, yaani halali 109 na zilizoharibika 3, kazi imekwisha. Zikikutwa 113, simamisheni kuhesabu kabla ya kutangaza chochote.

6. Wiki ya msaada wa kisheria.

Hapa anayeumia mkikosea ni mwananchi, si mwanachama mwenzenu, kwa hiyo hatuna masihara. Wakili mmoja akitumia nusu saa kwa kila mtu, pamoja na kujaza fomu, kwa saa sita anahudumia watu 12. Mawakili 10 ni watu 120. Msitangaze mji mzima halafu mkawafukuza watu 300 jioni.

Meza ya mapokezi iulize mambo matatu kabla ya hadithi: jina la upande wa pili, ili mgongano wa maslahi ujulikane mapema, tarehe ya tukio, na kama kuna karatasi yoyote ya mahakama, tarehe yake. Mtu mwenye hukumu ya siku 28 zilizopita, na muda wa rufaa ni siku 30, hapangi foleni. Anapelekwa mbele ya wote, na wakili anayempokea anaambiwa sababu. Tumeona watu wa namna hiyo wakipewa namba 94.

Nyaraka za asili hamkai nazo hata kwa usiku mmoja. Pigeni picha, rudisheni. Fomu iwe nakala mbili, nayo iandike ushauri uliotolewa, hatua inayofuata na jina la wakili aliyeibeba. Pasipo jina hilo, suala hilo halina mwenyewe.

7. Mafunzo: mahudhurio yasainiwe wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, la sivyo mnathibitisha saa ambazo hamkuziona.

8. Kikao na mahakama.

Pelekeni matatizo kwa hatua ya shauri: majalada yasiyoonekana, nakala za hukumu zinazochelewa, wito usiofika. Kila tatizo liwe na mifano mitatu ya namba za majalada na tarehe. Mkienda na lawama dhidi ya hakimu kwa jina, kikao kitageuka cha kujitetea na jalada halitapatikana. Muhtasari usainiwe na pande zote mbili, na kikao kijacho kianze na yatokanayo, yaani utekelezaji wa yaliyokubaliwa kikao kilichopita.

9. Makabidhiano.

Mihuri, vitabu vya stakabadhi ambavyo havijatumika pamoja na namba zake za mfululizo, nywila za barua pepe na tovuti, mkataba wa pango la ofisi. Vyote viorodheshwe na kusainiwa na katibu anayetoka na anayeingia. Watia saini wa benki wabadilishwe wiki hiyohiyo kwa muhtasari wa uchaguzi uliothibitishwa, kwa sababu mwanachama wa kwanza akifiwa, familia itasubiri rambirambi huku hundi ikihitaji saini ya mtu aliyekwisha kuhamia mji mwingine.