Taa ya Akwariamu Huchaguliwa kwa Mmea, Si kwa Ukali

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Lindi, dada mmoja aliyeweka akwariamu ya lita 54 sebuleni kwake. Aliandika hivi: "Kaka, nimenunua taa kali kuliko zote zilizokuwapo dukani, na sasa maji yamekuwa kama mlenda. Samaki siwaoni tena." Nilimjibu kwa ufupi siku ileile, lakini najua wanaouliza swali hilo ni wengi, na mimi mwenyewe mwaka huu limenifika jambo linalofanana nalo ambalo bado halijanitoka moyoni.

Mmiliki wa nyumba moja ya wageni hapa Mtwara aliiona akwariamu yangu nyumbani Shangani, akavutiwa na mimea iliyojaa hadi juu, akaniomba nimshauri kuhusu taa ya tangi lake lililopo mapokezi. Nilikwenda na futi kamba, nikapima urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha 30, yaani lita 54, nikaangalia mimea iliyokuwamo, kisha nikaandika ushauri wangu kwenye karatasi: taa ya LED ya wati 10 hivi, yenye mwanga wa kelvini 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga), iwashwe saa nane mchana na kuzimwa saa tatu usiku. Fundi aliyekuwa akifunga taa za dari pale aliichukua karatasi ile, akaisoma kwa sauti mbele ya wahudumu, akasema, "Mwalimu, wati kumi si taa ya choo hiyo?" Walicheka wote, na mwenye nyumba naye akatabasamu. Ikafungwa taa ya wati 50, ya aina ile inayomulika uani, ikawa inawaka tangu alfajiri hadi wageni wa mwisho walipolala.

Mwezi haukuisha kabla sijapigiwa simu. Vioo vilikuwa vimefunikwa utando wa kijani, majani ya anubias yameota ndevu nyeusi, na maji yenyewe hayapitishi macho. Niliifunga taa ileile niliyoiandika tangu mwanzo, tukasafisha, tukabadilisha maji kidogo kidogo, na leo wageni wanapiga picha mbele ya tangi lile. Malipo yangu yalikuwa soda moja baridi. Sisemi haya kwa kinyongo, ingawa nakiri kwamba kile kicheko nakikumbuka vizuri zaidi kuliko ile soda.

Sababu ya wati 10 kutosha ni hesabu nyepesi. Taa nzuri ya LED ya siku hizi hutoa lumeni 100 hivi, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kwa kila wati moja. Wafugaji wengi hukadiria lumeni 20 kwa kila lita ya maji kwa mimea isiyodai mwanga mwingi, kama vile anubias na vallisneria, na hupanda hadi 40 kwa mimea inayodai zaidi. Tangi la lita 54 linahitaji basi lumeni 1,080 tu, ilhali taa ya wati 50 hulimiminia 5,000, yaani zaidi ya 90 kwa kila lita. Mwanga unaozidi hauendi bure: mmea ukishindwa kuutumia, mwani huutumia, na hapa sisemi mwani unaolimwa baharini bali ule mdogo unaoelea majini na kuganda kwenye kioo. Mbolea yake, nitrati na fosfati, imo majini tayari kutokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, geuza boksi usome lumeni, kisha ugawanye kwa lita zako.

Baada ya lumeni, soma kelvini. Mwanga wa 3,000 ni wa manjano na huyafanya maji yaonekane machafu hata yakiwa safi. Wa 6,500 unakaribia mwanga wa mchana, nao unafaa mimea na macho pia. Taa za buluu za kelvini 10,000 na kuendelea zimekusudiwa matangi ya maji ya chumvi yenye matumbawe, na matumbawe yetu yaacheni Ghuba ya Mnazi, ambako yamo ndani ya hifadhi ya bahari. Zile taa za utepe za dari za jipsamu, zinazobadilika rangi kwa rimoti, zinapendeza harusini. Nyingi hazina kinga ya maji, na rangi ya zambarau haimsaidii samaki yeyote. Taa nyeupe ya LED, kwa kawaida, ni kijitaa cha buluu kilichopakwa unga wa manjano unaobadilisha rangi ya mwanga, na kwa uvumbuzi wa hiyo buluu Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Amano huyo ni Hiroshi Amano. Takashi Amano, aliyeufundisha ulimwengu kupamba akwariamu kwa mimea, ni mtu mwingine, na wanafunzi wangu huwachanganya kila mara.

Sisi wa Kusini tuna la kuongeza, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari hula viungio vya taa, kwa hiyo chagua yenye mwili wa alumini, viungio vilivyozibwa na alama ya IP65 au zaidi (kipimo cha kinga dhidi ya vumbi na maji), inayotumia adapta ya volti 12, na adapta yenyewe ikae mbali na maji. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likishuka lisiingie kwenye umeme. Kuhusu gharama usihofu: wati 10 kwa saa nane kila siku ni uniti 2.4 tu za LUKU kwa mwezi.

Vijana wenzangu, tuache kupima ubora wa kitu kwa ukali wake. Anayetaka bustani ya majini ajifunze kusubiri, na asiyeweza kusubiri afuge samaki bila mimea, ambao taa hafifu inawatosha. Samaki wa jenasi ya Nothobranchius, wanaoishi kwenye madimbwi ya msimu ya pwani yetu, wamezoea maji ya tope, na mwanga mdogo unawafaa.

Dada wa Lindi asinunue taa nyingine kwanza. Aipandishe hii aliyonayo sentimita 20 juu ya maji, alisogeze tangi mbali na dirisha, abadilishe theluthi moja ya maji kila wiki na apunguze chakula. Taa iwake saa sita tu kwa siku, kwa taima yenye betri, kwa sababu ile ya kuzungusha husimama umeme ukikatika na kuanza kuwasha usiku wa manane. Maji yakishakuwa maangavu aongeze nusu saa kila wiki, na akifikisha saa nane asimamie hapo.